Kura hazikutosha: kukubali kushindwa uchaguzi ni nini hasa?

Tarehe 2 Desemba 2016, siku moja baada ya Wagambia kupiga kura, televisheni ya taifa ilimwonyesha Rais Yahya Jammeh akiongea kwa simu na Adama Barrow, mgombea aliyekuwa amemwangusha. Jammeh alikuwa madarakani miaka 22, tangu mapinduzi ya kijeshi ya 1994, na wengi walitarajia angepindua meza. Lakini alikuwa anacheka. Alimpongeza Barrow, akamtakia heri, akamwahidi ushirikiano katika makabidhiano. Watu waliingia barabarani wakishangilia. Wiki moja baadaye, tarehe 9 Desemba, Jammeh yuleyule alirudi kwenye televisheni akasema hayatambui matokeo na uchaguzi urudiwe.

Kwani mtu akishakubali, anaweza kubatilisha? Na kama anaweza, ile simu ilikuwa na maana gani? Maswali ya namna hii huibuka karibu kila baada ya uchaguzi, popote pale. Wapo wanaoisubiri simu ya pongezi kana kwamba ndiyo inayompa mshindi kiti. Wapo wanaomwita msaliti aliyeipiga, na wapo wanaomwita mkorofi asiyeipiga. Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kutumia jina moja kwa mambo yasiyofanana, kwa hiyo tuanzie hapo.

Mambo manne ndani ya furushi moja

Tukisema "fulani amekubali kushindwa", huwa tumefunga pamoja mambo manne.

La kwanza ni kukubali matokeo, yaani kusema hadharani kwamba hesabu ya kura ndiyo hiyo, na kura zangu hazikutosha. La pili ni kumpongeza mshindi, jambo la adabu tu. La tatu ni kutii uamuzi. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba amedhulumiwa, akafungua kesi, akashindwa na huko, kisha akasema: sikubaliani na hukumu, lakini naiheshimu. Huyo hajayakubali matokeo. Amekubali kwamba mgogoro umefika mwisho wa njia yake ya kisheria. La nne ni kukabidhi madaraka, na hili linamhusu tu aliyekuwa amekalia kiti: kutoka ofisini, kukabidhi nyaraka, kuachia amri ya majeshi.

Mawili ya mwisho ni wajibu. Mawili ya mwanzo ni hiari. Mshindi hupatikana kwa tume kuhesabu kura na kutangaza, kwa mahakama kuamua pale kesi inapofunguliwa, na kwa kiapo. Hotuba ya aliyeshindwa haimo katika mlolongo huo hata kidogo.

Ndiyo maana Al Gore aliweza kuirudisha simu yake. Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2000 alimpigia George W. Bush kumpongeza, akaanza safari ya kwenda kuzungumza na wafuasi wake waliokuwa wakimsubiri. Akiwa njiani, wasaidizi wake wakamweleza kwamba pengo la kura katika jimbo la Florida lilikuwa linayeyuka. Akampigia Bush mara ya pili kumwambia kwamba anaondoa maneno yake. Hakuvunja sheria yoyote, na hakuna kura iliyohama kwa sababu ya simu ya kwanza wala ya pili. Kesi ziliendelea zaidi ya mwezi, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia kuhesabu upya tarehe 12 Desemba. Kesho yake Gore alikubali, safari hii moja kwa moja. Tofauti rasmi katika Florida ilikuwa kura 537.

Na upande wa pili wa sarafu: baada ya uchaguzi wa 2020, Donald Trump hakumpongeza Joe Biden wala kuhudhuria kuapishwa kwake. Biden aliapishwa tarehe 20 Januari 2021 vilevile.

Basi kama hotuba haina nguvu ya kisheria, tunahangaika nayo ya nini? Fikiria nyumba ya kupanga. Mkataba ukiisha, umeisha. Mpangaji hahitaji kutamka lolote ili uishe. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mpangaji anayekuachia ufunguo mkononi na yule anayejifungia ndani mpaka uje na amri ya mahakama na fundi wa kuvunja kitasa. Haki ya mwenye nyumba ni ileile. Gharama ya kuipata ndiyo inayotofautiana. Gambia ilibidi kitasa kivunjwe. Barrow aliapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar, ugenini, na majeshi ya nchi jirani za Afrika Magharibi yakavuka mpaka, ndipo Jammeh akapanda ndege siku mbili baadaye.

Simu ni kwa mshindi, maneno ni kwa wafuasi

Wengi hudhani mtu anapokubali kushindwa anazungumza na mpinzani wake. Mimi naona mpinzani ndiye anayeyahitaji maneno hayo kidogo kuliko wote, kwa sababu yeye tayari ameshinda. Wanaoyahitaji ni mamilioni waliompigia kura aliyeshindwa.

Angalia Nigeria, tarehe 31 Machi 2015. Katika ukumbi mjini Abuja, mwenyekiti wa tume, Profesa Attahiru Jega, alikuwa akipokea matokeo jimbo moja baada ya jingine mbele ya kamera. Waziri wa zamani aliyekuwa wakala wa chama tawala alishika kipaza sauti, akamtuhumu Jega kwa upendeleo, akakataa kuketi. Alipaza sauti kwa muda mrefu, nchi nzima ikitazama. Jega alikaa kimya akimsikiliza, kisha akamjibu kwa upole kabisa. Ilikuwa saa ambayo neno moja lingeweza kuwasha moto. Miaka minne kabla yake, mgombea wa upinzani Muhammadu Buhari aliposhindwa, ghasia za kaskazini ziliua watu zaidi ya 800.

Jioni ya siku hiyohiyo, kabla hesabu ya mwisho haijatangazwa, Rais Goodluck Jonathan alimpigia Buhari simu akampongeza. Jonathan alikuwa amepigiwa kura zaidi ya milioni 12.8. Hao wote walikuwa wakisubiri kuambiwa wanatakiwa kuhisi nini. Baada ya simu ile, wakala yule na wenzake hawakuwa na mtu wa kumpigania.

Mtu mwingine asingeweza kuifanya kazi hiyo. Tume ikisema uchaguzi ulikuwa wa haki, aliyeshindwa anajibu moyoni kwamba tume ni ya kwao. Mshindi akiwaambia watulie, wanasikia kejeli. Waangalizi wa kimataifa wakisema, wanaonekana wageni waliokaa hotelini. Neno pekee linalopenya ni la mtu wao wenyewe, aliyepoteza kuliko wao. Ni kama nahodha kiwanjani: wachezaji wamemzunguka mwamuzi kwa hasira, mashabiki wameanza kupanda uzio, na wote wanamtazama yeye. Akimsukuma mwamuzi, uwanja unavunjika. Akiwapa wapinzani mkono, mashabiki wanaweza kulia, lakini wanarudi kwenye viti.

Tena si kazi nyepesi hata ukiwa na nia njema. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2008 mjini Phoenix, John McCain alisimama mbele ya wafuasi wake kumpongeza Barack Obama. Alipolitaja jina hilo tu, umati ukazomea. McCain aliinua mikono kuwatuliza, akawaomba, akaendelea na sentensi yake. Hotuba ya namna hii ndivyo inavyofanya kazi: inatolewa mbele ya watu wasiotaka kuisikia, na anayeitoa anaupoteza upendo wao kidogo kidogo kadiri anavyoendelea.

Mtu yuleyule, majibu mawili

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini, na ambalo mazungumzo yetu hulipita. Tumezoea kusema kukubali kushindwa ni tabia. Huyu muungwana, yule mroho wa madaraka. Tabia ina nafasi yake, sikatai. Jonathan alikuwa na dola nzima mkononi na angeweza kufanya vingine. Lakini wachunguze wanasiasa waliokaa muda mrefu katika siasa utakuta mtu mmoja aliyekataa mwaka huu amekubali mwaka ule. Hulka yake haikubadilika katikati. Kilichobadilika ni kile kilichomzunguka.

Marehemu Raila Odinga ni mfano ulio wazi. Desemba 2007 tume ya Kenya ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi na akaapishwa jioni ya siku hiyohiyo, giza likiingia. Raila aliambiwa kama hakuridhika aende mahakamani. Alikataa katakata, akasema mahakama ile haitamtendea haki. Wengi walimlaumu, lakini kumbuka historia ya mlango aliokuwa anaelekezwa. Kibaki mwenyewe, alipokuwa mpinzani, alifungua kesi kupinga ushindi wa Daniel arap Moi wa 1997. Kesi ile ilitupwa kwa sababu nyaraka hazikukabidhiwa kwa rais mkononi, yeye binafsi. Jaribu kumfikia rais aliye madarakani umkabidhi hati za mashtaka. Baada ya matangazo ya 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makazi yao.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Iliunda Mahakama ya Juu, ikatoa siku 7 za kufungua kesi ya urais na siku 14 za kuiamua. Mwaka 2013 Raila alishindwa tena, mara hii na Uhuru Kenyatta aliyevuka nusu ya kura kwa unywele: asilimia 50.07. Alikwenda mahakamani. Tarehe 30 Machi majaji walimkatalia. Akasimama akasema hakubaliani na baadhi ya waliyoyaamua, lakini anaheshimu katiba, na akamtakia Uhuru kila la heri. Watu walewale, chuki zilezile, kiongozi yuleyule. Miaka mitano na kitu tu imepita.

Isitoshe, mlango ule haukuwa wa maonyesho. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya urais kwa kesi ya Raila huyohuyo. Sitadai kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, maana alijiondoa katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba akisema tume haijarekebishwa. Ila mwaka 2022, aliposhindwa na William Ruto na mahakama ikathibitisha, alirudia kauli ya kuheshimu hukumu asiyokubaliana nayo.

Vuka bahari kidogo uende Zanzibar. Chaguzi za huko kwa miaka mingi ziliisha kwa pande mbili kutotambuana, na Januari 2001 maandamano yaliishia kwa zaidi ya watu 30 kuuawa. Halafu tazama Novemba 2010. Ali Mohamed Shein alitangazwa kuwa na asilimia 50.1, Maalim Seif Sharif Hamad 49.1. Pengo la asilimia moja, katika visiwa vyenye historia ile! Na Maalim Seif aliyakubali matokeo hadharani. Kilichokuwa kimetangulia ni maridhiano kati yake na Rais Amani Abeid Karume, kisha kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa. Kila mpiga kura alijua kabla ya siku ya kura kwamba chama kitakachokuwa cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kushindwa hakukuwa tena kutupwa nje ya nyumba.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume alitangaza kufuta uchaguzi wakati matokeo yakiwa bado yanatangazwa. Maalim Seif alikataa, na chama chake kikasusia marudio ya Machi 2016. Mtu yuleyule tena.

Malawi nako. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi dhidi ya Lazarus Chakwera. Fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe na kuandikwa juu yake. Chakwera alikataa, akaenda mahakamani, na tarehe 3 Februari 2020 Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi. Marudio ya Juni yalimpa Chakwera ushindi wa zaidi ya asilimia 58. Leo hakuna anayesema kwa haki kwamba kukataa kwake kulikuwa ukorofi. Na Septemba 2025, akiwa rais, alipoona Mutharika amemwacha mbali kiasi cha kutofikika, alimpigia simu akampongeza kabla tume haijatangaza.

Kwa hiyo ile methali yetu, asiyekubali kushindwa si mshindani, naiheshimu lakini naomba tusiitumie kama rungu. Methali hiyo inachukulia kwamba palikuwa na mashindano. Ukimwambia "kubali yaishe" mtu aliyeona fomu imefutwa kwa wino mweupe, hujamfundisha uungwana. Umemwomba ashiriki kuficha.

Pale mlango unapokuwa haupo

Mtu anaweza kusema: basi kila asiyeridhika afuate sheria. Sawa, lakini sheria yenyewe inasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 41(7), inasema tume ikishamtangaza mgombea kuwa rais, mahakama yoyote haitakuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge aliyeshindwa ana mahakama ya kwenda. Mgombea urais hana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua tarehe 15 Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi tunavyoweza kudai kwa mtu jambo tulilolifanya kuwa zito. Lile jambo la tatu katika orodha yetu, kutii uamuzi usioukubali, linahitaji kuwepo mtu wa kuamua ambaye hakuwa mmoja wa wahusika. Ukimwondoa, aliyeshindwa anabakiwa na njia mbili tu: kusema hesabu ni sahihi hata kama haamini, au kukataa moja kwa moja. Njia ya katikati, ambayo Raila aliipitia 2013, imezibwa.

Hofu ya kesho

Lipo jambo jingine linalofunga midomo ya walio madarakani, nalo ni hofu ya yatakayowapata wakitoka. Rudi kwa Jammeh. Katika siku chache kati ya kicheko chake na kukana kwake, tume ilitoa takwimu zilizosahihishwa ambazo zilipunguza ushindi wa Barrow bila kuubadilisha. Wakati huohuo, ndani ya muungano ulioshinda, zilisikika sauti hadharani zikisema Jammeh atashtakiwa. Sisemi kwamba hilo linamsafisha. Nasema mtu anayeona gereza nyuma ya mlango atang'ang'ania kitasa.

Benin ilipita njia nyingine mwaka 1991. Mathieu Kérékou, aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1972, alishindwa na Nicéphore Soglo, akawa rais wa kwanza wa Afrika bara kuondolewa kwa sanduku la kura. Alihakikishiwa kwamba hatashtakiwa. Akaondoka kwa amani, akakaa pembeni miaka mitano, akagombea tena 1996 na kushinda.

Hapa kuna uchungu ambao sitaki kuupitia juujuu. Waliofungwa, kuteswa au kupoteza ndugu chini ya mtawala wana haki ya kudai ajibu. Ukiwaambia wanyamaze ili yeye akubali kuondoka, unawalipisha wao bei ya amani ya wote. Sina kanuni ya kulimaliza hili. Naona tu kwamba ahadi ya kutolipiza kisasi ni kitu kimoja na kufuta makosa ya jinai ni kitu kingine, na kwamba mshindi mwenye busara hasemi habari za gereza wiki ya kwanza.

Kwa wengi wasio na damu mikononi, hofu ni ndogo kuliko hiyo lakini ni ya kweli: mali kufuatiliwa, biashara za ndugu kufungwa, eneo lao kunyimwa barabara. Mahali ambapo mshindi huchukua vyote, hata mtu mpole hutafuta sababu ya kukataa.

Yanayosemwa mitaani

"Akikubali mapema amezitupa kura zetu zilizobaki." Hapana. Kura zinaendelea kuhesabiwa hadi ya mwisho, za ubunge na udiwani zinabaki palepale, na kama nilivyoonyesha kwa Gore, hesabu haisikilizi simu.

"Akikubali, amekiri kwamba uchaguzi ulikuwa safi." Nayo hapana. Agosti 2021 Edgar Lungu wa Zambia alianza kwa kulalamika kwamba uchaguzi haukuwa huru na wa haki, kisha akampongeza Hakainde Hichilema aliyekuwa amemshinda kwa karibu kura milioni moja. Mtu anaweza kuona dosari na bado akaona kwamba dosari hizo hazikuzidi pengo. Kasoro na wizi uliobadilisha mshindi ni mambo mawili, na mahakama nyingi hupima hivyohivyo.

"Amehongwa." Wakati mwingine hutokea, na wananchi wana haki ya kuuliza. Kipimo changu ni rahisi: je, alichopata kilikuwa kimeandikwa kabla ya kura au kilizaliwa usiku wa matokeo? Nafasi ya Maalim Seif ilikuwa kwenye katiba, ndani ya mpango ulioidhinishwa kwa kura ya maoni. Cheo kinachochomoza ghafla baada ya kikao cha siri ni kitu kingine.

"Kukubali ni kujizika kisiasa." Kérékou alirudi. Mutharika alirudi. Hichilema alishindwa uchaguzi wa urais mara tano kabla ya kushinda. Buhari alishindwa mara tatu.

Namna ya kuisikiliza hotuba

Usiku wa matokeo ukifika, sikiliza kama jina la mshindi limetajwa. Anayesema "naheshimu mchakato" bila kumtaja mtu ameacha mlango wazi nyuma yake. Sikiliza "lakini" inaingia wapi: ikija baada ya pongezi kamili, ni maoni, ikija katikati ya sentensi ya pongezi, imeimeza. Sikiliza pia kama amewaambia wafuasi wafanye nini usiku huo. "Tudumishe amani" ni maneno ambayo hata anayepanga vurugu huyasema. "Nendeni nyumbani, kampeni imekwisha" ni agizo.

Na angalia amekubali kwa kutegemea hesabu ya nani. Hili watu hulisahau, nami nalipa uzito mkubwa, kwa sababu ni rahisi kukubali hesabu uliyoijumlisha mwenyewe. Ghana inalionyesha vizuri. Huko mawakala wa kila chama husaini fomu ya matokeo kituoni na kuondoka na nakala, kwa hiyo kila chama kikubwa kinaweza kujumlisha nchi nzima chenyewe. Mwanasiasa Nana Akufo-Addo alishindwa urais mwaka 2008 kwa kura zipatazo 40,000 tu. Aliposhindwa tena 2012 alikwenda mahakamani, kesi ikaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa miezi, na siku ya hukumu, tarehe 29 Agosti 2013, alimpigia mshindi, John Mahama, kumpongeza huku akisema hakubaliani na majaji. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Mahama kumpigia yeye. Mwaka 2020 Mahama alikataa, akaenda mahakamani, akashindwa. Desemba 2024 alikuwa tena kwenye karatasi ya kura, dhidi ya Makamu wa Rais Mahamudu Bawumia.

Watu walipiga kura Jumamosi tarehe 7. Jumapili asubuhi tume ilikuwa bado haijatangaza chochote cha urais, lakini chama cha Bawumia kilikuwa na fomu zake. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba hesabu zao wenyewe zinaonyesha Mahama ameshinda waziwazi, na kwamba ameshampigia simu.